Omusinga Si Mwami Wetu: Ukoo wa Mukirane na Vyeo Vyake



Juzi nilikuwa matangani Butembo, kwa familia moja ya kwetu Kirumba iliyohamia huku tangu M23 walipoingia mwishoni mwa Juni 2024. Usiku, moto umeshapungua na watu wamebaki kwenye viti vya plastiki, kijana mmoja akatoa simu, akatuonyesha picha ya mtu amevaa taji na joho, amekaa kwenye kiti cha enzi. Akasema kwa sauti: "Munaona? Uyu njo mwami wa ba Yira bote." Muzee mmoja aliyekuwa anakunywa chai yake polepole akamuuliza: "Alianza kututawala lini?" Kijana akakosa jibu. Watu wakacheka, mazungumzo yakahamia kwenye bei ya kahawa.

Mimi sikucheka sana. Habari ya mfalme huyo nilishaisikia kwa mdomo mwingine. Nilipokuwa nasoma Goma, mwenzangu mmoja wa darasa alikuwa na mchezo wa kuniambia: "Ninyi munataka kukata inchi, muunde Jamhuri yenu ya Yira na mfalme wenu wa Kasese." Ilianza kama utani. Baada ya Novemba 2016 utani ule uliacha kuchekesha.

Kijana wa matangani anajivuna, mwenzangu wa Goma anashutumu, lakini wote wawili wameshika kosa moja: wanaamini kwamba Bayira wa pande zote mbili za Semliki walikuwa na mfalme mmoja tangu zamani. Njo maana nimeona afadhali niandike historia ya ukoo huo na vyeo vyake, kadiri nilivyoisoma na kuisikia. Atakayetaka kubishana, abishane na tarehe.

Tuanze na undugu wenyewe, maana huo ni wa kweli. Bayira wa huku, ambao wengi huita Banande, na Bakonzo wa Uganda ni watu wamoja kwa lugha na kwa asili. Majina yanatosha kuwa ushahidi. Kwetu mtoto wa kiume hapewi jina la baba, anapewa jina la zamu yake ya kuzaliwa: Kambale, Kasereka, Kakule, Katembo, Mbusa, Ndungo. Ukivuka Kasindi ukaingia Mpondwe, ndugu hao hao wanaitwa Bwambale, Masereka, Kule, Thembo, Mbusa, Ndungo. Ukimwita Kambale sokoni Bwera, watu watageuka. Kilichotugawa ni mkataba uliofanyika Brussels mwaka 1910 kati ya Waingereza, Wabelgiji na Wajerumani. Huko ndiko mpaka ulipopitishwa juu ya mlima Ruwenzori, hata kilele cha Margherita, mita 5109, kikawa cha nchi mbili. Hakuna muzee wa Kiyira aliyeulizwa.

Lakini undugu wa lugha ni kitu kimoja, na utawala ni kitu kingine. Tangu mwaka ule kila upande ulipata historia yake, na ufalme wa Rwenzururu ni mtoto wa historia ya upande wa Uganda tu.

Ili kuelewa, inabidi kwanza kuangalia jirani yao Toro. Karibu mwaka 1830 mwana wa mfalme wa Bunyoro, jina lake Kaboyo, alijitenga na baba yake akaanzisha ufalme wake. Ukoo wake ni Babito, na cheo chake ni Omukama. Baadaye Bunyoro ilikaribia kuimeza tena Toro. Mwaka 1891 alifika Lugard, Mwingereza wa kampuni, akamrudisha kwenye kiti kijana wa ukoo huo aliyeitwa Kasagama. Mwaka 1900 Waingereza wakaandikiana mkataba na Toro, na Bakonzo na Baamba wa mlimani wakahesabiwa kuwa raia wa Omukama. Kwa maneno mengine, ufalme wa Toro nao ulikuwa na miaka kama 70 tu, ulikuwa umeshaanguka na kuinuliwa na bunduki za wageni, ila ulikuwa na karatasi. Wale wa mlimani hawakuwa na karatasi.

Matokeo yake yalionekana kila siku: machifu walitoka Toro, kodi ilikwenda Fort Portal, na shuleni, kanisani na mahakamani Mkonzo alilazimika kusema Rutoro. Kati ya 1919 na 1921 Bakonzo waliasi. Viongozi watatu, Tibamwenda, Nyamutswa na Kapolya, walikamatwa na kunyongwa mwaka 1921. Majina yao yanaimbwa mpaka leo upande ule. Angalieni jambo moja: hakuna hata mmoja kati ya hao watatu aliyeitwa mfalme wa Bakonzo. Walikuwa wakubwa wa milima yao. Cheo cha mfalme wa Bakonzo wote kilikuwa hakijazaliwa.

Kilizaliwa na mwalimu wa shule ya msingi. Isaya Mukirane hakuwa mtoto wa ikulu. Mwaka 1954, Mwingereza kijana aliyeitwa Tom Stacey, mwandishi wa habari, alikuja kutembea katika Ruwenzori, na Mukirane akawa mwenzake wa safari na mkalimani wake. Kipindi hicho hicho Mukirane na wenzake walianzisha chama cha kukusanya historia na desturi za Bakonzo. Ilionekana kazi ya wasomi tu, isiyo na madhara, kama vile umoja wetu huu tukiamua kuandika hadithi za bibi zetu. Lakini watu wanaokusanya historia yao wanafika siku ya kuuliza kwa nini historia hiyo haimo kwenye mkataba.

Uganda ilipokaribia uhuru, Mukirane alikuwa mjumbe wa Rukurato, yaani baraza la Toro. Mwaka 1962 yeye na wajumbe wengine wa Bakonzo na Baamba, pamoja na Yeremiya Kawamara na Petero Mupalia, walidai katiba ya Toro iwatambue kama watu sawa na Batoro. Walikataliwa, wakatoka barazani, na viongozi hao watatu wakatiwa mbaroni. Hapo njia zikaachana. Kawamara na Mupalia walitaka wilaya yao ndani ya Uganda, mbali na Toro. Mukirane alipanda mlimani akatangaza nchi.

Sasa hapa kwenye cheo tukae kidogo. Mwanzoni Mukirane alijiita Rais. Mwaka uliofuata, 1963, alikuwa Mfalme, Omusinga, na jina lake la enzi likawa Kibanzanga. Kwa nini mwalimu aache cheo cha kisasa achukue cha kizamani, tena wakati Afrika nzima inachagua marais? Nadhani jibu liko Fort Portal. Aliyekuwa anamnyima haki alikuwa Omukama. Rais hawezi kukaa sawa na Omukama, wala chifu hawezi. Ngoma hujibiwa na ngoma, na katika nchi zote za maziwa makuu ngoma njo ufalme wenyewe: mwenye ngoma anatawala, aliyenyang'anywa ngoma amekwisha. Mukirane alichagua lugha ambayo adui yake angeielewa.

Serikali ya Kampala ilijaribu kumshusha kwa maneno. Mwaka huo huo wa 1963 Obote alimtuma Stacey, yule rafiki wa zamani, apande mlimani kuzungumza naye. Hakufaulu. Stacey aliandika kitabu juu ya safari hiyo, Summons to Ruwenzori, kikatoka 1965. Ninapokifikiria huwa nalinganisha vyeo vya kwao Uingereza na hiki cha mlimani. Kwao cheo cha lodi mara nyingi kinaanzia kwenye barua ya mfalme: barua inaandika nani amepewa na nani atarithi, kwa kawaida mtoto wa kwanza wa kiume, na ukoo unaitunza miaka mia tatu. Mukirane hakuwa na mtu wa kumwandikia barua. Alijiandikia mwenyewe, na watu wa mlimani wakaikubali kwa kulipa kodi kwake, kupeleka watoto katika shule zake na kesi zao katika mahakama zake. Ufalme huo ulikuwa na mawaziri na majengo ya matete. Ukitaka kuudharau, utaanza na matete. Lakini ulidumu miaka 20 bila mshahara wa mzungu yeyote.

Mukirane alifariki Septemba 1966. Tarehe 19 Oktoba mwaka huo mwanawe Charles Wesley Mumbere alitawazwa mlimani, hajafika hata miaka 15. Siku hiyo njo cheo kilipogeuka kuwa cha ukoo. Kabla ya hapo kulikuwa na mtu mmoja mwenye taji. Baada ya hapo kulikuwa na nyumba, mama wa mfalme, na wadogo wa mfalme. Ajabu yenyewe ni kwamba kule chini, mwaka uliofuata, katiba ya Obote ya 1967 ilifuta falme zote za Uganda. Omukama wa Toro akapoteza kiti, na mtoto wa mlimani, ambaye serikali haikumtambua, akabaki na chake. Huwezi kumvua mtu taji ambalo hukumvisha.

Mwaka 1974 Idi Amin aliwakatia Bakonzo na Baamba wilaya zao mbali na Toro, zile zinazoitwa leo Kasese na Bundibugyo. Kwa hiyo dai la Kawamara na Mupalia lilipatikana, na vita vya mlimani vikaanza kukosa sababu. Agosti 1982 Mumbere alishuka, akaweka silaha chini kwa mapatano na serikali ya Obote ya mara ya pili. Miaka miwili baadaye alikwenda Marekani kusoma. Serikali ikaanguka, msaada wa masomo ukakatika, na mfalme akajikuta anatafuta kazi kama mkimbizi mwingine yeyote. Kwa miaka mingi alikuwa msaidizi wa wauguzi, akihudumia wazee na wagonjwa, kwanza karibu na Washington, halafu Harrisburg, Pennsylvania. Aliowalisha na kuwaogesha hawakujua wako mikononi mwa nani. Sisi tulio na ndugu ng'ambo tunaijua kazi hiyo, na tunajua wanavyochoka. Sidhani kuna sura ya historia hii inayonipa heshima kwake kuliko hiyo.

Wakati huo Uganda ilibadilika. Mwaka 1993 Museveni alirudisha falme, na katiba ya 1995, kifungu cha 246, ikaweka masharti: kiongozi wa kimila anaweza kuwepo pale ambapo watu wenyewe na utamaduni wao wanamtaka, lakini asiingie siasa za vyama. Rwenzururu haikuwa kwenye orodha ya kwanza. Wapinzani walisema si ufalme wa asili, ni maasi yaliyovaa taji. Wenyewe walijibu kwamba watu ndio wanaomtaka, na kifungu kinauliza watu. Walishinda. Tarehe 19 Oktoba 2009, miaka 43 kamili tangu alipotawazwa mtoto, Mumbere alitambuliwa rasmi na kuvikwa taji mbele ya Museveni.

Mkifika hapo mtadhani hadithi imekwisha vizuri. La. Cheo kilichotambuliwa na serikali kinafuatwa na macho ya serikali. Mdogo wake mwenyewe, Christopher Kibanzanga, aliingia chama tawala na serikalini, na nyumba ikagawanyika hadharani. Mwaka 2014 serikali ilimtambua mfalme mwingine kwa Baamba, Obudhingiya bwa Bwamba, yaani wale walioasi pamoja na Mukirane mwaka 1962 sasa walikuwa na taji lao. Mwaka huo huo damu ilimwagika kati ya majirani. Na tarehe 27 Novemba 2016 jeshi na polisi walishambulia ikulu ya Kasese. Waliokufa siku hizo walizidi 100. Shirika la Human Rights Watch lilihesabu zaidi ya 150, wakiwemo watoto. Omusinga alikamatwa na kushitakiwa kwa mauaji na ugaidi. Aliachiwa kwa dhamana mwaka 2017 lakini alizuiwa kurudi kwake. Mashitaka yalifutwa Juni 2023, na Oktoba mwaka huo akarudi Kasese.

Katika maneno ya serikali ya Uganda wakati wa mashambulizi yale njo ilipotokea kwa nguvu ile "Jamhuri ya Yiira": kwamba ikulu ya Kasese inataka kuunganisha Bakonzo na Bayira wa Kivu ya Kaskazini kuwa nchi moja. Watu wa ufalme walikana. Lakini neno likishatoka halisubiri ukanusho. Lilivuka Kasindi kabla ya wakimbizi, likatufikia sisi ambao hatukuwahi kutia mguu katika ikulu ile. Tangu siku hiyo Myira akidai barabara, akiuliza kuhusu mauaji ya Beni, kuna mtu wa kumjibu: wewe una mfalme wako ng'ambo.

Sasa turudi upande wetu, maana jibu liko hapa.

Sisi wa magharibi ya Semliki hatukuwahi kuwa na mfalme mmoja. Tuna bami. Lubero ina sheferi tatu, Bamate, Batangi na Baswagha. Beni ina Bashu, na Watalinga ambao nao wana mwami wao. Kila mwami ni wa milima yake. Randall Packard, mwanahistoria Mmarekani aliyeandika juu ya Bashu mwaka 1981, alionyesha kwamba kazi ya mwami ilikuwa kuunganisha nguvu zinazoleta mvua na mavuno. Njaa ikiingia, watu walisema bami hawapatani. Na mamlaka hayakukaa kwa mtu mmoja. Yupo ngabwe, mkubwa wa ukoo, ambaye heshima yake ni kubwa lakini hatawali. Yupo mumbo, mke wa kimila, ambaye mtoto wake njo mrithi hata kama mwami ameshazaa wengine kabla. Kwa lodi wa Uingereza kuzaliwa wa kwanza ni kila kitu. Kwetu ukiwa wa kwanza unaweza kupewa heshima ili ukae pembeni.

Wabelgiji hawakuupenda mpangilio huo. Walitaka mtu mmoja wa kupewa medali na kudaiwa kodi. Dekre ya 1910 ilipanga sheferi, ya 1933 ikaongeza sekta pale ambapo mamlaka yalikuwa madogo madogo. Mobutu naye mwaka 1973 alijaribu kuwageuza machifu wawe watumishi wa serikali. Leo katiba yetu ya 2006, kifungu cha 207, inatambua mamlaka ya kimila, na sheria ya Agosti 2015 inaeleza hali ya machifu. Chifu wa sheferi anatokana na desturi kisha serikali inamtambua. Kwa hiyo mwami wa Batangi ni kiungo cha dola ya Kongo, pamoja na matatizo yake yote. Pale Kirumba penyewe, tangu tumekuwa komini ya vijijini, tuna bwana burgumesta upande mmoja na watu wa mwami upande mwingine, na mwenye kiwanja hajui aanzie kwa nani. Huo ndio ugomvi wetu halisi wa vyeo. Hauna taji, kwa hiyo hauchezeshwi kwenye simu.

Kwa hiyo kijana wa matangani nilimjibu hivi, pembeni, ili asione haya. Omusinga ni cheo cha kweli, kilicholipiwa kwa damu, na mwenye nacho ni ndugu yetu kwa lugha. Lakini kilizaliwa 1963 kujibu Toro. Kwetu hakukuwa na Toro.

Akaniuliza kama basi ni vibaya kumpenda. Nikamweleza habari ya shangazi yangu aliyeolewa Bwera, ambaye amekaa kule kuliko alivyokaa kwetu. Oktoba 2023, siku Omusinga anarudi Kasese, alikwenda kusimama barabarani tangu alfajiri. Jioni nilimpigia simu, kelele za ngoma zinasikika, nikamwambia: "Shangazi, pongezi, mwami wetu amerudi." Akanikatisha. "Wetu na nani? Huyu ni wetu sisi wa huku. Wewe uko na mwami wako wa Batangi, na nasikia hata kwenye salongo yake haufikaki."